Mawe mu Mufuko ya Mwalimu

Wapi alizaliwa na baba yake alikuwa nani, usiniulize. Wenye wanasema kama wanajua, kila mumoja anasema yake. Mimi nitasema ile nimeona miaka hii yote, na ile nimesikia tu, nitakuambia kama nimesikia. Lakini mbele ya kuanza, ujue kama huyu muntu simuamini. Nimesoma kwake, binti yangu iko anasoma kwake, namusalimiaka kwa heshima ku mulango ya kanisa, na simuamini.

Tunamuitaka mwalimu wa mawe. Ukitaka kumutambua katikati ya watu, angalia suruali. Upande ya kuume inashuka kuliko ya kushoto, maana mufuko yake haikosake mawe. Bibi yake alichoka kushona kila juma, akatia kipande ya gunia ndani, na ile gunia yenyewe ikatoboka. Akipanda mutumbwi kuvuka muto toka muji ya Kindu kuja kwetu Alunguli, wapiga kasia wanamuchokoza.

"Mwalimu, tupa ile mizigo mu maji, utatuzamisha na wake za watu!"

"Nikitupa haya, nitaokota mengine ngambo. Piga kasia, kijana."

Watu wanacheka. Mimi sichekake. Huku kwetu Maniema, muntu akitembea akiinama njiani, akiokota, akilamba udongo na kutema, hakuna mwenye anauliza anafanya nini. Anatafuta. Swali inabakia moja tu: anatafutia nani?

Mwaka huu ile swali iliingia mpaka mu nyumba yangu. Furaha, binti yangu wa mwisho, iko mu klase yake ku sekondari. Siku moja nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, akarudi toka masomo, hata kuweka kaye zake za kuandikia chini hakuweka.

"Mama, mwalimu atatupeleka Kalima. Tutaona mawe pale yanatokea. Wazazi waseme kama wanakubali."

Muchi ikabakia juu mu mikono yangu. Kalima. Njo upande ule waaskari walipeleka yaya yangu wakati ya vita, yule alinitangulia kuzaliwa, na hakurudi. Na muntu mwenye walipeleka upande ule mu siku zile zile, akarudi na miguu yake mbili, njo huyu mwalimu.

"Mama, utakubali?"

"Nitakujibu."

"Lini?"

"Mbele ya gari kuondoka. Sasa vua ile nguo ya masomo, uniletee chumvi."

Basi nikaanza kumuwaza huyu muntu. Nilimuwaza nikienda ku soko, nikirudi, nikisali rozari yangu. Nilitaka kujua ni nani nitamupa mutoto.

Wacha nianze na kazi yake, maana mu kazi yake sina la kumushitaki. Vita ilinikuta ku sekondari, nikaacha masomo, kisha nikaolewa, nikazaa. Nilikuwa mama mukubwa wakati parokia ya Alunguli ilifungua masomo ya magaribi kwa watu wazima. Tulikuwa wamama wa soko, wababa wachache, mulinzi mumoja wa depo mwenye alikuwa analala mu klase. Kwa jografi hakuna mwalimu alitaka kuvuka muto kwa bure. Yeye akavuka.

Tulingoja tablo na chaki. Akamwaga kitunga ya mawe juu ya meza, vumbi ikaruka mpaka ku pua.

"Kila muntu ashike moja. Na hakuna kutaja jina. Mwenye atataja jina ya jiwe mbele ya kuiangalia, atakaa inje."

Baba mumoja hakusikia. Alishika jiwe nyeusi, macho yakamuwaka, akapaza sauti: "Kasiterite!" Kasiterite njo ile jiwe ya bati, ile watu wanachimba Kalima na wanauana juu yake. Mwalimu akamuonyesha mulango kwa kidole, bila hasira. Yule baba, na ndevu yake yote, akaenda kukaa inje pamoja na mbuzi ya padri.

Sisi tukabakia na mawe yetu. Pima uzito mu mukono moja, kisha mu ingine. Tia maji, angalia rangi. Kwaruza kwa ukucha, kwaruza kwa musumari. Kisha alitutolea sahani iliyovunjika, akaipindua, akatuambia tukwaruze jiwe juu ya ule mustari ya chini wenye hauna ulaini, tuangalie unga. Jiwe nyeusi ya yule baba iliacha unga nyekundu kama matofali. Haikuwa kasiterite hata kidogo.

Kisha kazi ya mikono ikiisha, alitukataza kusema. Tunakaa kimya. Kwa wamama wa soko ile njo ilikuwa azabu. Anasemaka: "Mukono imefika kuona. Ngojeni na bongo ifike." Baadaye anapita benchi kwa benchi na maswali yake tatu: umeona nini, unawaza nini, na kitu gani ingekuonyesha kama unakosea? Ile ya tatu tulichukia sana. Muntu mwenye aliuza samaki kutwa, amechoka, unamuuliza kitu gani ingemuonyesha kama iko anakosea!

"Mwalimu," mama mumoja wa Kiislamu, muuza mandazi, alimuambia, "ile swali enda ukamuulize bwana yangu. Mimi sikoseake."

Siku moja alituambia kila muntu alete jiwe moja toka parsele yake mwenyewe, pale nyumba yake imejengwa. Ataziweka juu ya meza, za kwetu huku, za kwenu kule, na tutaona ardhi ya Alunguli iko namna gani chini ya miguu yetu. Vile tulitoka inje, mama wa mandazi akanishika mukono.

"Mama Furaha, umesikia? Anataka kujua nani amejenga juu ya mali!"

"Nimesikia."

"Mimi jiwe yangu hataiona. Unamuletea jiwe leo, kesho unaona watu wa jeep wanapima nyumba yako."

Siku ya masomo tukaleta. Mwalimu akapanga mawe juu ya meza, akarudi nyuma kidogo, akaangalia. Yote yalikuwa ya namna moja: kijivu, yenye meno pande zote, na mengine yakiwa na mafuta nyeusi ya mashini. Yalikuwa mawe ya reli. Kila muntu, bila kuambiana, alivuka ngambo ile ku muji, akaokota jiwe ku gari ya moshi, akarudi nayo mu kikapo.

"Mama, hii ni ya kwako?"

"Ndiyo mwalimu, ya nyuma ya jikoni."

"Na yako, baba?"

"Ya pale tulizika babu."

"Na yako, mama wa mandazi?"

"Wallahi, ya ku mulango yangu."

"Basi," akasema, "reli inapita ku mulango ya mama, nyuma ya jikoni ya huyu, na juu ya babu wa huyu. Na Alunguli nzima haijawahi kuona reli." Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini, akafuta machozi na mukono yenye vumbi, uso ikabakia na mistari kama ya mutoto. Sisi pia tukacheka, haya ikiisha. Na somo akalifanya vilevile, na yale mawe: juu ya nini yako na meno, na ya mutoni iko mviringo? Nani aliyavunja? Yalitoka mbali ginsi gani?

Ilikuwa somo nzuri kupita yote nilipata. Lakini nikirudi nyumbani nilijiuliza: muntu mwenye hana kitu ya kuficha, anaelewa namna gani haraka hivi kama watu wote wanaficha?

Siku ingine alitushusha ku ukingo ya muto, pale maji ilikata udongo ikaacha ukuta. Akatuambia tutie kidole. Juu udongo nyekundu, chini yake muchanga, chini tena matope nyeusi yenye majani yaliyooza, kisha muchanga tena.

"Ipi ilikuja ya kwanza?"

"Ya chini," mama wa mandazi akajibu. "Huwezi kutandika mukeka chini ya muntu iko amelala."

Mimi nikainua mukono, maana roho ilikuwa inanisumbua. "Mwalimu, hii yote ilichukua siku ngapi? Mungu aliumba kwa siku sita."

"Mama, unaona siku mu huu ukuta?"

"Hapana."

"Basi usiseme siku. Sema ile unaona."

"Na Mungu?"

"Mungu anaona kuliko sisi. Hatakasirika tukiangalia kazi yake vizuri."

Jibu nzuri. Lakini jibu nzuri sana njo inanitiaka mashaka, maana mu kanisa namuonaka. Hakosake misa ya siku ya Mungu. Anasimama nyuma, karibu na mulango, mawe mu mufuko. Watu wakienda kupokea komunio, yeye anaangalia miguu yake. Miaka yote hii sijamuona akipokea, hata Pasaka. Bibi yake anapokea, watoto yake wanapokea. Katekista alisema mara moja mbele yangu kama muntu wa namna ile iko na kitu. Aliposema vile, hakunifundisha neno mupya.

Na hapa njo nifike ku vita.

Wakati ile muji ilikuwa mu mikono ya waaskari, na pori mu mikono ya waaskari wengine. Ukienda ku shamba, wa muji wanasema unapelekea wa pori chakula. Ukikutana na wa pori, wanasema umetumwa kupeleleza. Basi hakuna kwenda. Tulikula majani ya matembele bila mafuta, bila chumvi. Masomo iliendelea na watoto wachache, nami nikiwemo, na mwalimu alikuwa anatushusha ku muto vilevile, chini ya macho ya waaskari, tuangalie ukingo. Wanamuuliza: "Munachimba nini?" Anajibu: "Tunasoma." Wamama walianza kukataza watoto wao.

Siku moja jeep ikasimama mbele ya klase. Muaskari hakuuliza jina. Akauliza: "Nani njo mwalimu wa mawe?" Hii niliona na macho yangu, nilikuwa ku benchi ya pili. Hakuna muntu alimusukuma. Hakuna alimupiga. Mwalimu alitembea mpaka ku mulango, kisha akarudi ku meza, akachukua nyundo yake, akapanda jeep.

Ile nyundo nimeiwaza kuliko kitu ingine yote mu vita. Muntu wanakuja kumukamata, anarudi kuchukua chombo ya kazi?

Mu siku zile zile walianza kukamata vijana ku bwato, pale watu wanavukia muto, kubeba mizigo kuelekea Kalima. Yaya yangu alikuwa amevuka kutafuta muhogo. Mizigo walimubebesha palepale. Muntu mumoja alimuona ku barabara, kamba ku kiuno, na hakuna mwengine alimuona tena. Mama yetu alienda ku kambi ya waaskari mpaka wakamufukuza na mututu ya bunduki.

Mwalimu alirudi kabla ya mvula kubwa. Alikuwa amekonda, hii ni kweli, lakini alirudi. Na alikuwa na chumvi. Watu walisikia harufu ya chumvi kama mbwa. Akaja mpaka kwetu, amefunga kidogo mu jani, akasimama pa mulango. Mama yangu akauliza toka ndani: "Ile chumvi ulilipwa kwa kazi gani?" Mama hakufungua. Mwalimu aliacha jani pa mulango, akaenda. Mama akaichukua, akaipeleka mpaka ku choo, akaimwaga, na sisi watoto tunaangalia, mate inatujaa mu kinywa.

Kisha watu wakasema yao. Walisema aliwaonyesha waaskari kilima yenye kuwa na mawe. Kwamba bila yeye wasingejua wachimbishe watu wapi. Hii nimesikia tu. Nilikuambia nitakuambia.

Vita ikaisha, akarudia kazi yake kama muntu mwenye alikuwa amesafiri kidogo. Mushahara ikija, ikikosa, yeye iko mu klase. Aligombana na prefe, mukubwa wa masomo, mbele ya watu wote, maana prefe alitaka watoto wakariri majina ya mawe juu ya egzameni. Lakini yeye mwenyewe, ule muntu wa maswali tatu, umuulize swali moja juu ya vita, anakuambia: "Leo joto imezidi." Akisikia gari kubwa inakuja, anaacha kusema katikati ya neno, chaki inabakia juu ya tablo, mpaka gari ipite. Na wanunuzi wa mawe wanafika kwake na moto zao, zile pikipiki. Nimewaona. Wanakunywa chai yake, wanamuonyesha vitu mu karatasi, anatikisa kichwa, wanaenda. Wengine wanasema anawafukuza. Muntu anafukuza watu na chai?

Sasa Furaha. Tangu aingie mu klase yake, mutoto alibadilika. Siku moja nilikosa mabeseni yangu ya kufulia. Nikamukuta nyuma ya nyumba, amejaza zote tatu udongo. Moja iko na majani yaliyoota, moja ina majani makavu juu, moja wazi. Amezitoboa upande, ananyunyizia maji na kopo, na anaangalia maji ginsi inatoka.

"Furaha! Mabeseni yangu!"

"Mama ngoja, angalia. Hii yenye majani maji inatoka safi. Hii wazi inatoka na udongo yote. Njo vile bonde ya nyuma ya nyumba inatukula."

"Umezitoboa!"

"Kidogo tu, mama. Utaziba na plastiki ya kuyeyusha."

Nilimuchapa maneno mpaka jirani akatoka. Lakini mvula iliyofuata, nilisimama pa dirisha, nikaangalia maji inavuka uwanja wetu wenye tunafagia kila asubuhi mpaka unangaa, na ilikuwa nyekundu kama alivyosema. Nikaacha kufagia ile upande ya bonde. Majani yakaota. Mama mukwe alinisema kama nimekuwa muchafu ku uzee.

Na ku meza pia mutoto hana amani. Nikisema fulani ni mwizi, anauliza: "Mama, uliona?" Jioni moja nikamuambia yale watu wanasema juu ya mwalimu wake. Akasikiliza mpaka mwisho, akakunja mukono.

"Mama, umesoma kwake miaka. Hukumuuliza hata siku moja?"

"Kitu ya namna ile hauulizake."

"Basi juu ya nini unataka nisiende? Juu ya ile haukuuliza?"

Nikamuambia akalete maji. Lakini kesho yake nilivaa kitenge yangu ya misa, nikapanda mutumbwi, nikaenda kwake.

Nilimukuta inje na bibi yake. Wameweka lungo ya muchele katikati yao, wanachagua takataka. Bibi yake akasimama kuniletea kiti.

"Asante, mama. Sitakaa. Nimekuja na neno moja."

Bibi yake akataka kuingia ndani. Mwalimu akamuambia: "Bakia." Akafuta mikono.

"Yaya yangu," nikasema. "Kule walikupeleka. Ulimuona?"

"Nilimuona."

Hivyo tu. Miaka yote ile, na ilikuwa neno moja. Nikakaa ku ile kiti nilikataa.

"Alikuwa wapi?"

"Ku kamuto kadogo, chini ya kilima. Alikuwa anachota maji ya kuoshea mawe. Wakati waliniachilia mimi, yeye alikuwa hai. Alinituma salamu kwa mama yenu. Nilizileta. Mama yenu hakunifungulia."

"Na mimi? Nilikaa mu klase yako, mama muzima!"

"Ulikaa ukiniangalia kama polisi. Niliogopa." Akasema kwa sauti ndogo. "Kila magaribi nilivuka nikisema, leo nitamuambia. Ukikaa pale mbele, naogopa."

Bibi yake alikuwa anaangalia muchele, mikono haitembei.

"Nyundo," nikasema. "Ulirudi kuchukua nyundo. Niliona."

"Mukono yangu ilikuwa inatetemeka mbele ya watoto. Ilitaka kitu ya kushika."

"Watu wanasema uliwaonyesha kilima."

"Kilima walikuwa wameshajua. Kamanda alikuwa na mawe matatu mu mukono. Akauliza ipi njo yenyewe, wachimbe upande gani. Kulikuwa na wazee wawili wa pale, wachimbaji tangu utoto. Aliwauliza wao kwanza. Walijua kuliko mimi. Wakanyamaza, akawapiga, wakanyamaza vilevile. Kisha akanigeukia mimi." Akatoa kijiwe kimoja mu muchele, akakitupa. "Mimi nikasema."

"Ulisema ya kweli?"

"Ya kweli."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake wakaleta vijana."

Sikulia. Nilimuuliza kitu ya mwisho, ile iliyonileta. "Sasa juu ya nini unataka kupeleka mutoto wangu kule?"

"Kule kilima imekatwa, mutoto anaona ndani yake kama mu nyumba yenye ukuta umeanguka. Hakuna mahali ingine ya kuwafundishia vizuri hivi." Kisha akasema: "Na mimi sijarudi kule. Nikiwa na watoto, nitaweza."

"Kumbe binti yangu njo fimbo yako ya kutembelea."

Hakukataa. Hiyo angalau.

Nikasimama. Bibi yake akanisindikiza mpaka ku barabara, akanishika mukono, akaiachilia. Sikujua kama ile nimeambiwa ni yote, ao ni ile kipande muntu anatoa ili usiulize kipande ingine. Mpaka leo sijui. Jina ya wale wazee wawili alinipa, walishakufa wote.

Nyumbani Furaha alikuwa pa mulango.

"Mama?"

"Utaenda."

Akaruka. Nikamungoja amalize kuruka.

"Na mimi naenda."

"Mama! Hakuna mama mwenye anaenda! Watanicheka!"

"Wacheke."

Asubuhi ya safari, kamyo ilikuwa pa njia ya Kalima, watoto wameshapanda juu, wanaimba. Mwalimu aliniona nikija na kifurushi yangu ya wali na rozari ku shingo. Akashuka, akaninyooshea mukono nipande.

"Mama Furaha, mbele karibu na shofa iko nafasi nzuri."

"Nitakaa nyuma. Weye utakaa wapi?"

"Nyuma, na watoto."

"Basi."

Nilikaa upande ya kutazamana naye. Njia ilikuwa mbaya, tulishuka mara mingi kusukuma, mimi pia nikasukuma, na watoto wakaniita "mwanafunzi mupya". Furaha aliangalia miti. Kila wakati nilipoinua macho, mwalimu alikuwa palepale, nyundo juu ya magoti, midomo imekauka.

Kilima iko vile alisema. Imekatwa, iko nyekundu na nyeupe na kijivu. Watoto walipanda juu yake kama siafu, na alifanya kazi yake: shikeni, hakuna majina, mukwaruze, mukae kimya. Vijana wachimbaji walisimama mbali na mapao yao ya kuchimbia, wanauliza kama tunanunua. Alipowaacha watoto wakae kimya na mawe yao, niliteremuka, nikamuashiria anifuate. Akafuata.

Kamuto iko chini, maji haina kina kubwa, ina rangi ya chai yenye maziwa.

"Wapi?"

Akaonyesha na kidole. "Pale."

"Sioni. Ingia nione."

Akaangalia viatu vyake. Akaingia navyo. Maji ikamufika ku magoti.

"Alikuwa anasimama namna gani?"

Akainama. Muntu muzee, mugongo yake haipendi kuinama, akainama.

"Uso upande gani?"

"Huku." Akageuka, uso ikaelekea njia tulikuja nayo, njia ya Kindu.

"Chota."

Akakusanya mikono, akachota maji, akaimwaga pembeni, kama kuna ubao ya kuoshea pale. Akachota tena. Suruali ikalowa mpaka ku kiuno. Juu ya kilima watoto walianza kusema, ukimya wao imeisha. Furaha akashuka mbio, jiwe mu mukono, anataka kumuonyesha, akatuona, akasimama katikati ya njia.

Mwalimu akanyoosha mugongo, akafuta uso, akaanza kugeukia ukingo.

"Bado," nikamuambia.

Akainama tena, akachota.